Corona ilivyohamishia ibada sebuleni

JUMAPILI ya Machi 22, 2020, siku tisa baada ya kisa cha kwanza cha corona kutangazwa humu nchini, Waziri wa Afya wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alisitisha mikusanyiko yote ya kidini. Jana yake tu, viongozi wa dini na wa serikali walikuwa wamekutana katika Ikulu ya Nairobi kwa siku ya maombi ya kitaifa. Kuanzia hapo waumini walibaki na mahali pamoja tu pa kuabudia, nyumbani kwao, ambako hapakuwa na kasisi wala imamu wa kuwaongoza.

Nyumba zenyewe zilikuwa zimekwisha kujaa. Shule zilikuwa zimefungwa kwa amri ya Machi 15, na tangu Machi 27 kafyu ilimlazimu kila mtu kuwa ndani kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Baba aliyezoea kufika watoto wakiwa wamelala sasa alikuwapo wakati wa chakula cha jioni, na wakati wa sala pia. Usiku huo wa kwanza wa kafyu, saa mbili kwa saa za Kenya, Papa Francis alisimama katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, akaubariki ulimwengu. Wakatoliki wa hapa waliomfuata kwa redio na runinga walikuwa wamefungiwa ndani kwa muda wa saa moja hivi.

Si kila dhehebu lililopata tabu sawa. Waadventista wa Sabato wana desturi ya kuifungua Sabato nyumbani jua linapotua siku ya Ijumaa; kwao sehemu hiyo ya ibada haikuhama popote. Wakatoliki walikuwa na rozari, ambayo haihitaji padre. Hata hivyo, Ekaristi haiadhimishwi bila padre, na Pasaka ya Aprili 12 ilipita waumini wengi wakiwa na komunyo ya kiroho pekee, yaani sala ya kutamani kile wasichoweza kupokea. Mtu aliyezoea kwenda kanisani kusikiliza tu, naye akaketi mbele ya watoto wake bila kujua aanzie wapi, huyo ndiye aliyetahiniwa hasa.

Mwezi wa Ramadhani ulianza mwishoni mwa Aprili. Kwa Waislamu wa Kenya, ambao sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni tano, hesabu ya saa ilikuwa ngumu. Jua hutua Mombasa wakati huo wa mwaka muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, na kafyu ilianza saa moja. Tarawehe, ambayo huswaliwa baada ya swala ya Isha, ingeangukia ndani ya saa za kafyu hata kama misikiti ingekuwa wazi. Mnamo Mei 6, mfungo ukiwa haujafika nusu, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale, Mombasa, na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi.

Dini yenyewe ilikuwa na njia. Hadithi za Mtume zinasimulia jinsi watu walivyoambiwa waswali majumbani usiku wa baridi na mvua, na tarawehe inaswihi nyumbani. Swala ya Ijumaa ndiyo isiyohamishika hivyo. Mahali pake familia iliswali Adhuhuri ya rakaa nne. Aidha, uimamu hupewa anayeijua Kurani zaidi, si mwenye umri mkubwa zaidi. Kwa hivyo kijana aliyetoka madrasa akiwa amehifadhi juzuu kadhaa aliweza kusimama mbele, baba yake akiwa maamuma nyuma yake. Sidhani kuna khutba ambayo ingemfunza mzazi thamani ya ada za madrasa kuliko hilo.

Lakini tusiipambe nyumba kupita kiasi. Katika chumba kimoja cha Mathare au Mukuru, kilicho jikoni na chumba cha kulala kwa wakati mmoja, hapana pembe ya kunong'ona sala. Familia nyingine hazikuwa pamoja kabisa: aliyekuwa akifanya kazi Nairobi alikwama huko tangu Aprili 6, watoto wake wakiwa kijijini, na maombi ya jioni yakawa ni ya simu, salio likiruhusu. Tena zipo nyumba ambamo mwenye kuongoza sala ndiye aliyekuwa akipiga. Mapema Aprili 2020, Jaji Mkuu wa wakati huo, Bw David Maraga, alisema kesi za makosa ya kingono zilikuwa zimeongezeka, na baadhi ya watuhumiwa ni watu wa karibu wa waathiriwa. Mke au mtoto wa nyumba kama hiyo alikuwa amepoteza kanisa au msikiti kama mahali pa kukimbilia, na mzee wa kanisa hakuwa tena na nafasi ya kumwona uso Jumapili.

Maeneo ya ibada yalianza kufunguliwa Julai 2020 kwa masharti ya baraza la dini mbalimbali lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri: watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na shule za Jumapili na madrasa zibaki zimefungwa. Waliokuwa chini ya miaka 13 na waliopita 58 hawakuruhusiwa kuhudhuria.

Sharti hilo la umri lilikuwa na sababu za kiafya zisizopingika, ila liliigawa familia katikati. Baba na mama walivaa barakoa wakaenda. Nyanya na mjukuu wakabaki. Katika nyumba nyingi za Kenya hao ndio wawili wanaohusika zaidi na imani: mmoja ndiye anayefunza sala, mwingine ndiye anayezikariri. Waliporudi wazazi, ibada mbili zilikuwa zimefanyika, moja chini ya paa la kanisa kwa saa moja iliyopimwa, nyingine mkekani, bila saa.

Masharti yalilegezwa baadaye mwaka huo. Kisha, Machi 26, 2021, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, akapiga marufuku tena ibada za ana kwa ana katika kaunti za Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru. Pasaka iliangukia Aprili 4. Kwa mwaka wa pili mfululizo, Wakristo wa kaunti hizo waliiadhimisha nyumbani, na kafyu haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021.