Vijana wa Rwanda wa Mwaka 1994

Kanuni za mashindano ya kandanda ya dunia kwa vijana wa chini ya umri wa miaka 17, yaliyochezwa Mexico mwaka 2011, zilimtaka kila mchezaji awe amezaliwa tarehe 1 Januari 1994 au baada yake. Kwa mataifa mengi hiyo ilikuwa tarehe ya kwenye karatasi tu. Kwa jirani zetu wa Rwanda haikuwa hivyo.

Ndugu wasikilizaji, baina ya Aprili na Julai 1994 Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji, waliuawa kwa idadi ambayo Umoja wa Mataifa unaikadiria kuwa zaidi ya 800,000. Uwanja wa mpira wa Amahoro mjini Kigali, ambao jina lake maana yake ni amani, uligeuka kimbilio la maelfu ya raia chini ya ulinzi wa kikosi kidogo cha Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja. Askari waliokuwa zamu mpakani siku zile hawahitaji kusimuliwa.

Watoto wa mwaka huo na waliowafuatia ndio walioitwa kambini chini ya kocha Richard Tardy, Mfaransa. Januari 2011 Rwanda ilikuwa mwenyeji wa michuano ya Afrika, na vijana hao wakafika fainali. Walifungwa na Burkina Faso mabao 2 kwa 1, lakini tiketi ya Mexico walikuwa nayo tayari. Timu ya Rwanda ilikuwa haijawahi kufika fainali za dunia.

Huko walifungwa na Uingereza 2 kwa 0, wakafungwa na Uruguay 1 kwa 0, wakatoka sare bila kufungana na Kanada. Bao hawakupata hata moja. Hata hivyo, haifai kusahau kwamba Uruguay hiyo hiyo ilimaliza ya pili duniani.

La maana zaidi ni lililofuata. Badala ya kuwatawanya, wakuu wa michezo waliunda timu ya Isonga, ili vijana wabaki pamoja na kuizoea ligi ya wakubwa. Mpango huo ulikuwa wa busara, lakini haukuzaa kizazi cha pili: hadi mwaka 2025 Rwanda haikuwa imerudi katika fainali hizo. Nayo timu ya wakubwa mwaka 2014 iliondolewa katika michuano ya Afrika kwa sababu ya mchezaji mmoja mwenye pasi mbili za majina tofauti, na nafasi yake ikapewa Kongo. Kosa hilo lilikuwa la makaratasi, na lilifuta ushindi uliotolewa jasho uwanjani.

Nahodha wa Mexico, mlinzi Emery Bayisenge, alipita APR, timu ya jeshi la Rwanda, na akaingia timu ya taifa ya wakubwa. Tarehe 16 Januari 2016 Rwanda ilifungua mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani dhidi ya Ivory Coast. Bayisenge alipiga mpira wa adhabu ukaingia wavuni, bao pekee la mchezo huo. Uwanja ulikuwa ule ule wa Amahoro.