Mali ya Kiongozi: Siku ya Kuingia na Siku ya Kutoka

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuamrisha katika Sura ya Nisaa, aya ya 58, tuzirudishe amana kwa wenyewe, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Tukisikia neno amana, wengi wetu hufikiri fedha aliyotuachia jirani, au shamba la yatima tulilokabidhiwa. Hizo ni amana kweli. Lakini iko amana iliyo nzito kuliko hizo, nayo ni cheo. Aliyepewa cheo amekabidhiwa mali za watu wote, na wenye mali hiyo hawakai naye ofisini wakaona anavyoitumia.

Basi watu watajuaje kuwa amana yao i salama? Siku hizi serikali nyingi huwataka viongozi waandike mali zao wanaposhika madaraka na wanapoyaacha. Wako wanaodhani kuwa jambo hili ni geni, na wako wanaoliona ni kuwavunjia heshima watu wazima. Tarikh yetu inatufundisha kuwa si geni, na kuwa watukufu kuliko sisi waliulizwa wakajibu.

Asili yake ni zama za Bwana Mtume mwenyewe. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (Rehema na Amani zimshukie) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kwenda kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili: fungu hili akasema ni lenu, na fungu hili akasema ni zawadi niliyopewa mimi. Bwana Mtume alipanda juu ya mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Tuitazame vizuri hoja hii. Mtu huyu hakuficha kitu, wala hakusemwa kuwa ameiba. Kosa lilikuwa katika njia iliyoileta mali: imekuja kwa sababu ya cheo, basi si yake.

Sayyidna Abubakar alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Alipokuwa Khalifa alitoka asubuhi na nguo zake begani kwenda sokoni kama ilivyokuwa ada yake, mpaka masahaba wakamzuia, wakamkadiria posho kutoka Baytul-Mal, yaani hazina ya Waislamu, ili apate nafasi ya kuwaangalia watu. Alipokaribia kufa, mwaka wa 13 wa Hijra, 634 wa Miladi, aliagiza kitazamwe kilichozidi katika mali yake tangu aliposhika ukhalifa, kipelekwe kwa Khalifa atakayemfuata. Vikaonekana vitu vichache: mtumwa, ngamia wa kutekea maji, na kitambaa kilichochakaa. Sayyidna Umar alipoletewa alilia, akasema kuwa Abubakar amewapa taabu kubwa watakaokuja baada yake. Abubakar hakungoja kuulizwa. Alijihesabu mwenyewe.

Lakini si kila mtu atajihesabu, na dola ilikua. Katika zama za Sayyidna Umar bin Khattab, tangu mwaka 634 hata 644, Waislamu walitawala Iraki, Shamu na Misri. Maliwali walikaa mbali na Madina, na mali ilipita mikononi mwao kama maji ya mto. Wanatarikh wakubwa, kama Ibn Saad na Baladhuri, wametueleza njia aliyoishika Sayyidna Umar: alipomweka liwali aliandika mali yake, na muda wake ulipokwisha, au ilipoonekana mali imeongezeka kupita kiasi, alimwuliza. Aliyekutwa na ziada, mara nyingi ziada hiyo iligawanywa nusu kwa nusu: nusu yake, na nusu ya Baytul-Mal.

Wala hakutosheka na maandishi. Alikuwa na mtu wa kwenda kutazama kwa macho, Muhammad bin Maslama, sahaba wa Kiansari. Huyu ndiye aliyepelekwa Misri kwa Amr bin al-As, aliyeifungua nchi hiyo. Sayyidna Umar alimwandikia Amr kuwa amesikia ana vyombo, watumwa na wanyama asivyokuwa navyo alipopewa uliwali. Amr alijibu kuwa Misri ni nchi ya kilimo na biashara, na kuwa hupata zaidi ya anachohitaji kwa matumizi. Jibu hilo laweza kuwa la kweli. Juu ya hivyo Muhammad bin Maslama alikwenda, akaigawa mali.

Hapa mwanafunzi atauliza: ikiwa Amr hakuthibitika kuiba, kwa haki gani alinyang'anywa nusu? Mwanachuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, amelieleza jambo hili. Amesema kuwa waliogawiwa mali zao walikuwa watu wa fadhila na dini, hawakutuhumiwa khiyana. Ila cheo kiliwafanya watu wawapendelee katika biashara zao. Muuzaji humpunguzia liwali bei, na mnunuzi humwongezea. Faida hiyo imeletwa na cheo, na cheo ni cha Waislamu wote. Hoja hii ni ile ile ya Bwana Mtume juu ya mimbari.

Kisa kilicho kizito kuliko vyote ni cha Sayyidna Abu Hurayra. Alikuwa liwali wa Bahrain, jina ambalo wakati huo lilikuwa la pwani yote ya mashariki ya Arabuni. Aliporudi Madina alikuwa na fedha nyingi. Riwaya moja yasema dirhamu 10,000, nyingine 12,000. Sayyidna Umar akamkabili kwa maneno makali, akamwuliza amezipata wapi. Abu Hurayra alitaja njia moja moja: farasi wake wamezaana, posho zake zimekusanyika, na mtumwa wake amechuma. Riwaya moja yasema mambo yalitazamwa, yakaonekana ni kama alivyosema. Nyingine yasema fedha zile zilichukuliwa.

Baadaye Sayyidna Umar alimtaka tena awe liwali. Abu Hurayra akakataa. Umar akamkumbusha kuwa aliye bora kuliko yeye aliomba kazi ya namna hii, naye ni Nabii Yusuf. Abu Hurayra akajibu kuwa Yusuf ni Mtume mwana wa Mtume, na yeye ni mwana wa Umayma tu. Anaogopa kupigwa mgongo wake, kutwaliwa mali yake na kutukanwa heshima yake.

Ndugu zangu, tusikipite kisa hiki kwa haraka. Kuhesabiwa kunauma. Mtu mwema anayeulizwa mbele za watu huona uchungu, na Waislamu walimkosa liwali mwaminifu kwa sababu ya uchungu huo. Sayyidna Umar aliijua gharama hiyo, na alikubali kuilipa. Kwa nini? Kwa kuwa lau angewauliza wabaya tu, kuulizwa kwenyewe kungekuwa ni hukumu, na kila aliyeulizwa angetoka na aibu. Na lau angemwacha aliye mpenzi wake, mwenye kuiba naye angetaka aachwe. Haki ya kuuliza haisimami mpaka iwe kwa wote.

Na kuuliza huko kuna faida kwa mwenye kuulizwa pia. Saad bin Abi Waqqas, liwali wa Kufa, alishitakiwa na baadhi ya watu wake. Umar alipeleka wajumbe, nao wakazunguka msikiti hata msikiti wakiuliza habari zake. Watu wakamsifu, isipokuwa mtu mmoja aliyedai kuwa Saad hagawi sawasawa. Saad aliondolewa uliwali. Lakini Sayyidna Umar alipokuwa kitandani, amekwisha pigwa kisu, alimtaja Saad miongoni mwa wanaofaa kwa ukhalifa, akasema wazi kuwa hakumwuzulu kwa udhaifu wala kwa khiyana. Lau isingalikuwa uchunguzi ule, fitina ingalibaki na jina la Saad milele.

Na je, Umar mwenyewe? Imam Malik amepokea katika Muwatta kuwa wanawe wawili, Abdullah na Ubaydullah, walipita Basra, na liwali Abu Musa al-Ashari akawakopesha mali ya hazina waifanyie biashara wakielekea Madina. Walipata faida. Baba yao aliwauliza swali moja: je, kila askari amekopeshwa kama ninyi? Walipojibu la, alitaka warudishe mtaji na faida yote. Mwishowe walikubaliana nusu ya faida iingie katika Baytul-Mal. Naye alipokufa hakuacha akiba: Bukhari amepokea kuwa alikuwa na deni la kiasi cha 86,000, akamwusia mwanawe alilipe kwa mali ya ukoo wao.

Sasa tutazame zama zetu. Huko Marekani, Rais Richard Nixon alijiuzulu mwezi wa Agosti 1974 baada ya kashfa ya Watergate. Mwaka 1978 nchi hiyo ikatunga sheria ya maadili serikalini, iliyowalazimisha Rais, wabunge, mahakimu wa serikali kuu na maofisa wakubwa kutoa kila mwaka taarifa ya mapato, mali, madeni na zawadi zao, na wananchi wakapewa ruhusa ya kuzisoma.

Hapa Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 liliweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, iliyomtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake katika siku 30 za kushika madaraka, kisha kila mwisho wa mwaka, na tena anapoacha kazi. Kenya ikatunga sheria ya namna hiyo mwaka 2003, na Zanzibar yake mwaka 2015.

Ukizisoma sheria hizi utaona daftari la Sayyidna Umar ndani yake: andika siku ya kuingia, andika siku ya kutoka, kisha linganisha. Zimetaja hata mume, mke na watoto, kwa kuwa zawadi ya haramu mara nyingi huingia kwa mlango wa jikoni. Lakini fomu iliyojazwa ikafungiwa kabatini haimzuii mtu. Katika njia ya Umar, daftari lilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa Muhammad bin Maslama, mtu anayefunga safari akaenda kutazama, wala haogopi cheo cha anayetazamwa.

Nasi tusio na vyeo tunahusika. Ukimpelekea ofisa mbuzi au kanga kwa kuwa una shauri mbele yake, wewe ndiwe uliyemjazia daftari lake. Mke wa kiongozi ana haki ya kumwuliza mumewe kitu hiki kimetoka wapi, na watoto wazoee kuona baba yao anajibu bila kukasirika. Na wanafunzi, ambao ndio maliwali wa kesho, waanze sasa: mwenye kuwekewa fedha ya chama cha shule aandike alichopokea na alichotoa, awaonyeshe wenziwe kabla hawajamwuliza.

Ewe Mola wetu, tuwezeshe kurudisha amana kwa wenyewe. Wape viongozi wetu moyo wa Abubakar wa kujihesabu, na utupe sisi uadilifu wa kuuliza bila ya chuki. Tuhifadhi na mali isiyo halali, sisi na watoto wetu, kabla ya siku ambayo kila mtu atasomeshwa daftari lake. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.