Kuzika nyaya: Nansha, Mji Mkongwe na ramani ya Wachina ya 1982



Kila mgeni wangu anayefika huku Guangzhou, nikimchukua mpaka Nansha husema neno lilelile: "Mbona hawa hawana nguzo?" Mara ya mwisho alikuwa rafiki yangu wa skuli, mtoto wa Kikwajuni. Tulisimama kwenye kisiwa cha Lingshan, barabara pana, miti imepangwa kama safu za sala, maghorofa ya vioo, na juu yetu hakuna waya hata mmoja. Akatikisa kichwa: "Pesa bwana. Sisi hatuna." Nikamwambia pesa imo, lakini siyo iliyoanza. Tukabishana mpaka tukarudi mjini, na sikuyamaliza niliyotaka kuyasema. Basi nayamalizia hapa.

Nianze mbali kidogo. Umeme, kwetu na kwao, uliingia kwa mlango wa mkubwa. Kwetu ni Sayyid Barghash. Shirika la umeme la Kenya, katika historia yake lenyewe, husema kwamba alinunua mashine ya umeme mwaka 1875 kwa ajili ya kasri yake na njia za jirani, na kwamba mashine hiyo ikaja kununuliwa 1908 na mfanyabiashara Jeevanjee ikapelekwa Mombasa. Mimi huo mwaka 1875 naushuku. Ni mwaka aliokwenda Uingereza, na nadhani watu wameunganisha safari na mashine. Taa ya gilasi ya Swan na Edison haikutoka ila 1879. Kabla yake palikuwa na taa zile kali za cheche tu, ambazo mtu haziweki sebuleni. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883, na hapo ndipo kumbukumbu za taa za umeme Unguja zinapopata mguu wa kusimamia. Huku Guangzhou aliyewasha wa mwanzo ni Zhang Zhidong, liwali wa Guangdong na Guangxi, mwaka 1888, ofisini kwake. Barghash alifariki Machi ya mwaka huohuo. Kwa hiyo mtu asije akatwambia kwamba Guangzhou ilitutangulia. Tulianza pamoja, na kama kuna aliyetangulia ni sisi.

Machi hiyohiyo ya 1888 dhoruba kubwa ya theluji iliipiga New York. Mji ule ulikuwa umejaa nguzo zenye nyaya za simu, telegrafu na umeme, kampuni juu ya kampuni, kama kamba za kuanikia nguo. Nyingi zikaanguka. Nalitaja hili kwa sababu ya jambo moja: sheria ya kuzizika ilikuwepo tokea 1884! Kampuni zilikuwa zimeipuuza tu. Ikabidi mwaka 1889 Meya Hugh Grant apeleke watu na mashoka wazikate nguzo. Sheria peke yake haikuzika waya hata mmoja. Iliyozika ni sheria pamoja na shoka. Likumbukeni hilo nikirudi Nansha.

Nansha maana yake ni "mchanga wa kusini", na jina halikukosea. Ni mdomo wa Mto Lulu. Kwa karne nyingi mto ulileta tope, watu wakajenga kingo, wakapata ardhi, wakapanda mpunga, miwa na migomba, wakachimba mabwawa ya samaki. Kulikuwa na watu wa mashuani, Wadan, waliozaliwa na kufa juu ya maji na ambao kwa muda mrefu walidharauliwa na watu wa nchi kavu. (Anayetoka Pemba au Lamu hapati tabu kulifahamu hili.) Ng'ambo ya mto ni Humen, alikoteketeza kasumba Lin Zexu mwaka 1839, na ngome za mizinga bado ziko upande wa Nansha. Kiutawala palikuwa ni sehemu ya Panyu tu. Tajiri wa Hong Kong, Henry Fok, mwenye asili ya Panyu, alianza kumwaga fedha zake pale mwishoni mwa miaka ya 1980 wakati wengine wakimcheka. Mwaka 2005 Nansha ikawa wilaya ya peke yake ndani ya Guangzhou, 2012 serikali kuu ikaitangaza eneo jipya la ngazi ya taifa, 2015 ikatiwa katika ukanda wa biashara huru.

Sasa tizameni tarehe. Agosti 2015 Baraza la Serikali huko Beijing lilitoa mwongozo juu ya mahandaki ya huduma, yaani handaki moja la zege chini ya barabara, mtu anaweza kutembea ndani yake, na mnapita umeme, mkonga wa mawasiliano, maji, na gesi katika chumba chake mbali. Fikra yenyewe si mpya. Paris walipitisha mabomba ndani ya mitaro yao ya maji machafu tokea karne ya 19, na Beijing walichimba handaki la mwanzo chini ya uwanja wa Tiananmen mwaka 1958. Guangzhou yenyewe ilikuwa na lake, zaidi ya kilomita 15, kwenye Mji wa Vyuo Vikuu uliofunguliwa 2004. Lakini mwongozo wa 2015 ulisema mambo mawili mazito. Kwanza, kwenye miji mipya, barabara na handaki vijengwe kwa pamoja. Pili, palipo na handaki, mwenye waya lazima aingie humo. Hapewi ruhusa ya kuchimba pembeni. Na akiingia alipe: ada ya kuingia, kisha ada ya matunzo. Mwaka 2016 Guangzhou ikachaguliwa kuwa mmoja wa miji 15 ya majaribio katika kundi la pili.

Yaani Nansha ilipokuwa inaanza kukatwa barabara zake kubwa za Mingzhuwan, sheria ilikuwa mezani tayari. Hapakuwa na nguzo za kung'oa. Palikuwa na migomba. Ndiyo maana nikamwambia rafiki yangu kuwa pesa haikuanza. Iliyoanza ni mpango, na ardhi tupu, na serikali ya mji yenye uwezo wa kumwambia mwenye umeme na mwenye simu: pitia hapa au usipite.

Akanijibu: ardhi kwao ni ya serikali, ndiyo maana rahisi. Hapa alinibana kidogo. Ni kweli, katiba yao ya 1982 inasema ardhi ya mjini ni ya dola. Lakini ya vijijini ni ya jumuiya za wanakijiji, na mji unapokimeza kijiji, kijiji hubaki katikati ya maghorofa na ardhi yake. Nendeni mukavione vijiji hivyo ndani ya Guangzhou. Nyumba zimekaribiana hata mtu na jirani yake hupeana mikono dirishani, na nyaya juu ya kichochoro zimefungana kama nywele za mtu asiyechana. Mji uleule, kampuni ileile ya umeme, tofauti ni nani mwenye ardhi na nani alitangulia kujenga. Kwa hiyo hoja yake ina ukweli. Ila na sisi Zanzibar ardhi ni ya serikali tokea 1964! Basi hilo halitoshi kuwa jawabu.

Na lisimchukue mtu tamaa, hata huku handaki si pepo. Kampuni nyingi hazikupenda kulipa ada. Kuchimba mtaro wako na kufukia ni rahisi zaidi kuliko kodi ya chumba cha zege, na Uchina yako mahandaki yaliyokaa nusu tupu kwa ugomvi wa nani amlipe nani. Halafu tope. Ardhi ya Nansha imejaa maji kama sifongo, inashuka kidogo kidogo kwa miaka, na zege ndefu juu ya ardhi isiyoshuka sawasawa hupasuka kwenye maungio. Wahandisi lazima waitie nguvu ardhi kwanza, gharama juu ya gharama. Halafu maji yenyewe. Kimbunga Hato cha Agosti 2017 kiliipiga Zhuhai na Macau, jirani tu hapo. Bahari ikaingia mjini, na miongoni mwa waliokufa Macau wako waliozama kwenye maegesho ya magari ya chini ya ardhi. Mwaka uliofuata, Septemba 2018, akaja Mangkhut, na mamilioni ya watu wa Guangdong wakakaa gizani kwa sababu ya nguzo na miti iliyoanguka. Basi mpangaji wa Nansha yuko baina ya upepo wa juu na maji ya chini. Ameuchagua mkono wa chini, akaweka pampu na milango ya kuzuia maji. Kisichoonekana nacho kina shida zake.

Tukija kwetu, sisi hatukukosa mipango. Tumepangiwa mno! Lanchester alikuja na mpango wake wa mji wa Unguja 1923. Kendall 1958. Baada ya Mapinduzi wakaja Wajerumani wa Mashariki, mpango wa 1968, tukapata majumba ya Michenzani. Na mwaka 1982 ni Wachina, naam, Wachina hawahawa, waliotuchorea ramani kuu ya mji wa Zanzibar. Rafiki yangu hili alikuwa halijui, na nilimwona kaduwaa. Mwaka 1982 hapa tulipokuwa tumesimama, Lingshan, palikuwa na mashamba na mabwawa. Na wataalamu kutoka nchi hiihii walikuwa Unguja wakipanga mitaa mipya iende vipi nje ya Ng'ambo. Walitaka mji upanuke kwa viwanja vilivyopimwa, barabara kwanza, huduma pamoja nazo, nyumba baadaye. Ilivyokuwa ni kinyume chake. Watu walijenga, kisha njia ikatafutwa baina ya kuta, kisha nguzo ikachomekwa pale ilipopata nafasi, na waya ukapelekwa kwa jirani wa kumi kwa kurushwa juu ya mapaa. Ukishajenga hivyo, nguzo ndiyo rahisi, na kila mwaka unaopita kuizika kunazidi kuwa ghali, kwani hakuna tena pa kupitisha mtaro bila ya kubomoa ukuta wa mtu.

Simlaumu mjengaji. Alikuwa anataka pa kulala. Lakini wakubwa walioiweka ile ramani kabatini, hao nawalaumu.

Mji Mkongwe ni kesi nyengine. Huko nguzo hazina hata pa kusimama, basi nyaya zimegongomelewa kwenye kuta za chokaa na mawe ya matumbawe, zinapita juu ya milango ya nakshi, zinashuka, zinapanda. Watalii huzipiga picha. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tokea 1985, mpango wa hifadhi uliosimamiwa na Aga Khan ulitoka 1994, UNESCO ikautia mji kwenye orodha yake 2000. Ukutani pale mna wenye mali wa kila aina: nyumba ya wakfu, nyumba ya serikali, nyumba ya mtu binafsi aliyeko Muscat au Toronto. Chini ya kichochoro mna bomba la maji, mtaro wa maji machafu, na misingi ya nyumba isiyopenda kutikiswa. Ndio maana naamini pale hufai kuchimba kwa ajili ya umeme peke yake. Unachimba pale unapochimba kwa jengine. Mradi wa huduma za mji wa mkopo wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa 2011, ulijenga ukuta wa bahari wa Mizingani na mitaro ya maji ya mvua. Wakati kama huo, ardhi iko wazi, ndio wa kulaza mabomba matupu na kuyaacha yangoje nyaya zake. Bomba tupu si ghali. Kufumua tena ndiko ghali.

Na jambo moja la mwisho, ambalo wenye shauku ya kuzika kila kitu hulisahau. Sisi Wazanzibari tunao waya uliozikwa kuliko wote, uko chini ya bahari! Ule wa 1980, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, megawati 45, kwa msaada wa Norway. Mei 2008 hitilafu ikatokea upande wa Fumba, na Unguja nzima ikakaa bila ya umeme karibu mwezi. Disemba 2009 tena, na safari hii mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Mimi nilikuwa mbali, na kila usiku nikipiga simu nyumbani nilisikia ngurumo za majenereta nyuma ya sauti ya mama, na yeye akinambia maji ya kisima yamepanda bei kwa ndoo kwani pampu zimekufa. Nguzo ikianguka, kila mtoto wa mtaa anaiona na fundi wa hapohapo anaisimamisha. Waya uliozikwa ukiumwa, kwanza uutafute ni wapi unaumwa, kisha umtafute anayejua kuuganga, na huyo yumkini yuko Ulaya. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013, na Pemba ikaunganishwa na Tanga 2010. Mimi nikiulizwa kuhusu Mji Mkongwe huuliza kwanza: mafundi wa ZECO wangapi wamepelekwa skuli kujifunza kuunga na kutafuta hitilafu za waya wa chini? Hilo lingetangulia handaki.

Rafiki yangu aliposikia haya alikaa kimya mpaka tukafika Wanqingsha, kusini zaidi, ambako mji haujafika. Migomba, mabwawa ya samaki, kibanda cha mlinzi, na nguzo za zege zimepanga foleni kando ya tuta, nyaya zimelegea. Akacheka. "Kumbe na wao wanazo," akasema, akazipiga picha akampelekea kaka yake anayefanya kazi ofisi ya mipango miji.