UZI: Dizeli "kavu", salfa na pampu zetu za Gusii

1/ Kila msimu wa kampeni, kutoka Keroka hadi Nyamira mjini, lazima mtu aseme jukwaani: "Walituletea dizeli kavu, injini zetu zinakufa!" Makofi. Mimi nimelelewa na posho mill ya baba, so hebu tuichambue polepole.

2/ Salfa hutoka ardhini na mafuta ghafi. Ikiungua, gesi yake hukutana na maji ndani ya injini, inakuwa asidi. Asidi hiyo hula ringi na silinda, na oili inachoka mapema. Salfa si rafiki.

3/ Ukavu basi ulitoka wapi? Pampu nyingi za dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Salfa ikiondolewa kiwandani kwa haidrojeni na joto kali, vitu vya asili vinavyolainisha huondoka nayo. Sweden waliona hayo miaka ya 1990: dizeli safi, pampu zikaharibika. Dawa ikapatikana: kiongezi kidogo cha kulainisha, basi.

4/ Kwetu, kiwanda cha Changamwe kilifunguliwa 1963, kikaacha kusafisha mafuta ghafi 2013. Januari 2015 Afrika Mashariki ikaingia kiwango kipya: salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni. Kenya tulikuwa tunaruhusu 500.

5/ Sasa sikia. Pampu ya baba ilikufa 2011, miaka minne KABLA ya hiyo dizeli safi. Fundi wa Kisii mjini aliifungua, akanusa, akasema tu: "Mzee, hii ni mafuta taa." Mafuta taa ni mepesi, hayalainishi vizuri. Kinu kilikaa kimya wiki tatu, kina mama wakabeba mahindi hadi soko lingine.

6/ Kwa nini watu walichanganya? Mafuta taa yalikuwa na ushuru mdogo. Bei ikitofautiana hivyo, mjanja anakula katikati.

7/ Septemba 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuzuia uchanganyaji. Faida ya mjanja ikapungua, lakini aliyelipa ni pia nyanya anayewasha koroboi na stovu. Alikuwa amechanganya nini yeye?

8/ Kwa hivyo akikuambia dizeli safi ndiyo imeua injini yako, usimpigie makofi bado. Muulize: mafuta ya vituo vyetu hupimwa mara ngapi, na majibu tutayaona wapi?