Karamu ya Mwisho ya Don Giovanni

Wengi huikumbuka Don Giovanni kwa muziki wa Mozart. Mimi, kusema kweli, opera hiyo ilinishika pale mezani.

Ni chakula cha usiku, cha mwisho. Don Giovanni, aliyelaghai wanawake wasiohesabika na kumuua baba wa mmoja wao, anakula huku wanamuziki wakimpigia. Mtumishi wake, Leporello, anammiminia mvinyo. Bwana anaonja, anausifu, tena anautaja kwa jina: Marzimino. Leporello naye anaiba kipande cha ndege wa kuokwa na kukibugia kimyakimya. Muda si mrefu sanamu ya marehemu inabisha hodi, na jehanamu inafunguka.

Sasa, kwa nini jina? Angesema "mvinyo" tu, ingetosha.

Marzemino, kama inavyoandikwa leo, ni zabibu nyeusi ya kaskazini mwa Italia. Huchelewa kuiva, hushikwa upesi na ukungu, na hutoa mvinyo mwekundu mwepesi, usiokaba ulimi. Watu wa Isera, karibu na Rovereto, wanajivunia kwamba uliosifiwa ni wao. Wana hoja: Mozart alipita Rovereto Desemba 1769, akiwa na miaka 13, akapiga kinanda kanisani.

Lakini maneno ya opera hakuyaandika Mozart. Ni ya Lorenzo Da Ponte, aliyezaliwa Myahudi mwaka 1749 huko Ceneda, ndani ya Jamhuri ya Venice, akabatizwa mwaka 1763, baadaye akawa padri. Na si mbali na Ceneda kuna Refrontolo, ambako Marzemino huanikwa kwanza, ikatoa mvinyo mtamu.

Hapo ndipo nami natia neno langu. Mwaka 1779 Venice ilimfukuza Da Ponte kwa miaka 15, kwa sababu ya mambo yake na wanawake. Opera ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Prague, tarehe 29 Oktoba 1787, adhabu ile ilikuwa haijaisha. Mimi nasoma hivi: mtu aliyekatazwa kurudi kwao alichukua kinywaji cha kwao, akakiweka mdomoni mwa mtu aliyekataa kutubu.

Tena huko unakolimwa, mvinyo huu si wa makabaila peke yao. Trentino wanaunywa na soseji, uyoga na polenta, yaani unga wa mahindi uliosongwa. Kumbe ni ugali! Ladha nyepesi ya Marzemino haifuniki uyoga, na inapunguza mafuta ya soseji.

Da Ponte alifia New York mwaka 1838. Huko Marekani aliwahi kuuza vyakula dukani, akafundisha Kiitaliano. Kila nikisikia jina lile likiimbwa, siwazi jehanamu tena. Namwaza mtu wa mbali aliyekumbuka nyumbani kwa ulimi.