Girisi kwenye boksi la usukani

Fungua plagi ya boksi la usukani la Landrova 109 iliyozeekea Kahama, na mara nyingi utakuta girisi. Vijana wa gereji za hapa Nyahanga wanaamini kiwanda ndicho kilichoiweka. Nimewaambia sivyo, tena na tena. Sasa naiandika habari hii, kwa sababu girisi ile ina miaka yake na sababu zake, na sisi tulioiona ikiingia tunazidi kupungua.

Boksi lile liliundwa kwa ajili ya oili. Kwenye Landrova za Series Two, zilizoanza mwaka 1958, na Series Three, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, usukani hauna pampu. Nguvu yote ni ya mikono ya dereva. Chini ya mti wa usukani kuna skrubu nene, juu yake nati, na kati ya skrubu na nati zinazunguka gololi. Gololi zinataka oili nzito ya gia, ile namba 90. Zikipita, oili husukumwa pembeni kisha hurudi yenyewe. Girisi hairudi. Ikishabanwa ukutani inabaki hukohuko, chuma kinasaga chuma, na wewe ukichungulia kwenye tundu unaona boksi limejaa. Ndipo usukani unapoanza kuwa na mchezo: dereva anakata kona, gari linachelewa kuitika.

Tena boksi si mwisho wa habari. Fimbo inayotoka pale haiendi moja kwa moja kwenye magurudumu. Inapitia kwanza kwenye relei, bomba la chuma lililosimama mbele kwenye chesisi, karibu na rejeta. Relei nayo ina oili yake. Kuijaza kunataka subira: unafungua bolti mbili za juu, tundu moja la kumiminia na jingine la kutolea hewa, unatia kidogo, unangoja ishuke, unatia tena. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, na mtu akiifumua ovyo inaweza kumtoa jicho. Mafundi wengi waliiogopa, wakaiacha ikauka. Nimewapokea madereva waliokwisha kununua tairi mpya na tairodi endi kwa sababu usukani ni mzito, kumbe relei haijaonja oili tangu gari libadilishe mwenyewe.

Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alijifunzia karakana ya Mwadui, kwenye mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson baada ya kuyagundua mawe yale mwaka 1940. Wazee wengine niliowakuta gerejini walitoka mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita, uliofungwa mwaka 1966. Walichokuja nacho Kahama, zaidi ya spana zao, ni kadi. Kila gari lilikuwa na kadi yake: injini, giaboksi, difu, boksi la usukani, relei. Kadi haikuuliza kama gari linasumbua. Maili zikifika gari linaingia, plagi inafunguliwa, oili inapandishwa hadi usawa wa tundu, fundi anatia sahihi. Mimi nilipoanza kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, mwaka 1975, kazi ya kwanza niliyoaminiwa baada ya kuosha ilikuwa hiyo. Mwalimu alichovya kidole akainusa oili, akaitazama kwenye mwanga. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na chembe zinazometa, gololi zimeanza kula skrubu. Mengi ya ufundi wangu yalianzia kwenye kidole kile.

Kisha mambo yalifuatana haraka. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na shughuli za pamba, magari yake yakiwemo, zikawa chini ya Mamlaka ya Pamba. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Vipuri tulivyozoea kuletewa kutoka Nairobi vikakatika. Mwaka uliofuata ikaja vita ya Kagera, na magari ya raia na ya mashirika yakachukuliwa kwenda kusaidia jeshi. Yaliyorudi yalirudi yamechoka. Mafuta yalikuwa yamepanda bei dunia nzima, fedha za kigeni hakuna.

Katika hali hiyo, kitu kilichotushinda kilikuwa kidogo mno: oili sili ya chini ya boksi, pale mkono wa usukani unapotokea. Barabara za huku kiangazi ni vumbi, na masika ni udongo mweusi wa mbugani unaoganda kila mahali. Sili ilikwisha, na nyingine haikuwepo. Oili uliyoitia asubuhi jioni iko chini, na oili yenyewe ilikuwa ya kuombwa kwa barua. Girisi ilikuwa rahisi kidogo kupata, kwa kuwa vinu vya pamba na mashine za kusaga viliitumia. Tena haikuvuja. Ndiyo ikaingia kwenye boksi, kisha kwenye relei. Wapo wanaowacheka mafundi wa miaka ile, nami siwaungi mkono. Gari lililombeba mama mjamzito usiku kutoka kijijini hadi hospitali lilifika kwa girisi ile.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi, na polepole sili zikaonekana tena madukani. Hapo girisi ingepaswa kuondoka. Haikuondoka, kwa sababu aliyekuwa mwanafunzi wakati wa uhaba sasa alikuwa ndiye fundi mkuu, naye alifundisha alichofundishwa. Kadi nayo ilikuwa imekufa katika uhaba uleule.

Dhahabu ilimalizia. Wachimbaji wadogo walipomiminika Bulyanhulu, Landrova kuukuu zilibeba watu, maji na magunia ya mawe, na mwenye gari alitaka litengenezwe leo litoke leo. Nani angengoja relei ishushe oili? Baadaye mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulianza kazi mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009, na Land Cruiser za kampuni zikaleta pawa stering hadi mlangoni kwetu. Ile ina kikopo chake chini ya boneti, chenye alama za juu na chini; unaona kwa jicho tu. Kijana aliyezoea kikopo hawezi kuhisi kwamba kuna oili iliyojificha nyuma ya plagi. Na leo michomoko mingi, gari ndogo za abiria, inayokwenda Geita ni ya Toyota, na IST usukani wake unasaidiwa na umeme, hauna hata tone la oili ya kukagua.

Vijana hunibishia kwa hoja moja yenye uzito: Difenda za baadaye ziliwekewa na kiwanda chenyewe girisi ya majimaji kwenye vikombe vya magurudumu ya mbele. Ni kweli. Lakini ile ni girisi nyepesi, na vikombe vile si boksi.

Tangu tamasha la Landrova la Arusha, Oktoba 2024, wenye magari wameanza kuzitoa 109 zao mabandani, nyingine zimerithiwa kwa baba. Gari likija hapa, naliosha boksi kwa mafuta ya taa hadi girisi yote itoke, natia sili mpya, najaza oili 90 hadi usawa wa tundu, kisha naihamia relei bila haraka. Kabla halijatoka namwandikia mwenyewe kadi, tarehe na kilomita, na namwambia lini alirudishe hata kama halisumbui.