Nyang'hwale Ndani ya Jedwali

Mnamo Machi 2012 Mkoa wa Geita ulimegwa kutoka mikoa mitatu: Geita yenyewe ilitoka Mwanza, Bukombe ikatoka Shinyanga, Chato ikatoka Kagera. Mashimo ya dhahabu yalibaki palepale, lakini anwani zake zilibadilika. Kanzidata iliyoandika neno "Shinyanga" kwenye kila mstari wa leseni ya uchimbaji ya Bukombe hutaka mistari yote irekebishwe. Ukisahaulika mmoja, hesabu ya mkoa inapotoka.

Dawa yake ilikuwepo tangu 1970, Edgar Codd wa IBM alipoeleza mfumo wa majedwali yanayohusiana. Leseni hubeba namba ya wilaya, na jedwali la wilaya hubeba namba ya mkoa, hivyo Bukombe ikihama hubadilishwa mstari mmoja tu. Ila historia nayo ina haki yake. Leseni ya Bukombe ya mwaka 2005 ni ya Shinyanga, na anayeuliza takwimu za wakati ule lazima ajibiwe hivyo. Kwa hiyo uhusiano wa wilaya na mkoa huwekewa tarehe ya kuanza na ya kukoma.

Jina la Wilaya ya Nyang'hwale, katika mkoa huohuo wa Geita, lina tatizo lake. Katika SQL, lugha yenye chimbuko IBM mwaka 1974, ritifaa hufunga maandishi: mashine husoma 'Nyang' kisha hukwama. Ritifaa huandikwa mara mbili, 'Nyang''hwale', au, kwa usalama zaidi, jina hupitishwa kama kigezo. Kuifuta ni kosa kubwa, kwani karani mmoja akiandika Nyanghwale na mwenzake Nyang'hwale, wilaya moja huhesabiwa mbili.